"Sistimu Iko Chini": Kwa Nini Programu za Huduma Huzorota na Pa Kuangalia Kwanza

Kwenye dirisha la malipo, kwenye chumba cha usajili wa wagonjwa na kwenye kizuizi cha sesi barabarani, maneno "sistimu iko chini" humaliza mazungumzo. Mwananchi huambiwa asubiri, au arudi kesho. Hata hivyo, mara nyingi sistimu haiko chini hata kidogo. Inafanya kazi, ila polepole kiasi kwamba aliye dirishani haoni tofauti. Mfumo uliozimika kabisa hugunduliwa papo hapo na fundi huitwa. Uliozorota unaweza kuendelea hivyo miezi mingi huku kila mtu akilaumu intaneti.

Kuchelewa huko kuna gharama. Mwenye duka anayejaribu kulipia leseni siku ya mwisho anaweza kujikuta ameingia kwenye faini kwa sababu ya ukurasa uliokataa kufunguka. Mzazi aliyemleta mtoto mwenye homa hukaa kwenye benchi wakati karani akitazama duara linalozunguka kwenye skrini. Lori la viazi husimama juani kwenye kizuizi. Kuna pia gharama isiyozungumziwa sana, nayo ni pesa za umma zinazonunua kompyuta mpya au intaneti ya kasi zaidi ilhali tatizo liko kwingine kabisa. Mwaka unaofuata kompyuta ni mpya, intaneti ni ya kasi, na foleni ni ileile.

Safari ya ombi moja

Karani anapobonyeza kitufe cha "Tafuta", ombi lake hutoka kwenye kompyuta, hupitia vifaa vya mtandao vya afisi na kwa kampuni ya intaneti, kisha hufika kwenye seva. Hapo programu husoma ombi na kuuliza hifadhidata, yaani mahali rekodi zote zilipowekwa. Wakati mwingine huuliza pia mfumo wa nje, kama ule wa malipo ya simu. Halafu jibu hurudi njia ileile. Ombi linaweza kukwama katika kituo chochote kati ya hivyo, na mtu aliye mbele ya skrini ataona kitu kimoja tu: duara.

Jakob Nielsen, mtaalamu wa matumizi ya kompyuta, alieleza mwaka 1993 vipimo vitatu ambavyo bado hutumika hadi leo. Jibu linalokuja ndani ya sekunde 0.1 huonekana kuwa la papo hapo. Likichukua sekunde 1, mtu huhisi kuchelewa lakini fikira zake hazikatiki. Likipita sekunde 10, huanza kufanya jambo lingine au kubonyeza tena. Huko kubonyeza tena, kama itakavyoonekana, ni tatizo jipya kabisa.

Rejista isiyopangwa

Mafundi wanapochunguza mfumo unaohifadhi rekodi nyingi, mahali pa kwanza pa kushuku ni kwenye hifadhidata, na kosa la kawaida kuliko yote ni ukosefu wa faharasa. Chukua rejista ya viwanja yenye mistari 1,000,000, iliyoandikwa kwa jinsi wenye viwanja walivyofika, bila mpangilio wowote. Anayetafuta kiwanja kimoja hana budi kuanza mstari wa kwanza na kushuka chini, na akiwa na bahati mbaya atakipata mstari wa mwisho. Sasa chukua orodha ya nambari za viwanja iliyopangwa kuanzia ndogo hadi kubwa, kila nambari ikionyesha ukurasa wake. Anayetafuta hufungua katikati, huona kama nambari anayoitaka iko juu au chini, huacha nusu isiyohitajika, kisha hufungua tena katikati ya nusu iliyobaki. Kwa njia hiyo mistari 1,000,000 huhitaji kulinganishwa mara 20 hivi tu. Orodha hiyo ndiyo faharasa. Kompyuta ina kasi, lakini kusoma mistari milioni kwa kila mtu aliye kwenye foleni huichosha hata kompyuta.

Ubaya wa kosa hili ni kwamba halionekani siku ya uzinduzi. Wakati wa majaribio kulikuwa na rekodi 200, na kuzisoma zote ni kazi ya kufumba na kufumbua. Utepe unakatwa, picha zinapigwa, mfumo unakwenda mbio. Miaka mitatu baadaye rekodi zimekuwa laki kadhaa na ukurasa uleule unachukua dakika nzima, ingawa hakuna aliyegusa chochote. Kwa hiyo karani anaposema "zamani ilikuwa haraka", hapaswi kupuuzwa. Amempa fundi fununu nzuri kuliko ripoti nyingi. Kurekebisha nako kunaweza kuwa kazi ya saa chache, kwa gharama ndogo mno ikilinganishwa na bei ya seva mpya.

Kosa la pili hufanana na kumtuma mtu kwenye stoo ya mafaili. Mkuu anataka mafaili 100. Badala ya kutoa orodha na mkokoteni, anamtuma alete faili moja, arudi, aende tena kwa la pili. Kuna programu zilizoandikwa hivyo. Ukurasa unaoonyesha wafanyabiashara 100 wa soko na madeni yao huomba orodha ya majina mara moja, halafu huomba deni la kila mmoja peke yake, jumla maombi 101. Kila ombi likichukua milisekunde 20, yaani sehemu ya 50 ya sekunde, ukurasa hufunguka baada ya sekunde 2, na hakuna atakayelalamika. Soko likiwa na wafanyabiashara 2,000, programu hiyohiyo huchukua sekunde 40. Aliyeiandika angeweza kuomba majina na madeni kwa pamoja, katika ombi moja.

Wa karibu na huyo ni ukurasa unaoleta rekodi zote za mwaka ili kuonyesha 20 za juu, na ripoti kubwa ya mapato inayoendeshwa saa tano asubuhi wakati foleni imefika nje ya mlango. Ripoti ya namna hiyo ingeendeshwa usiku, au kwenye nakala ya hifadhidata, isishindane na wanaohudumia watu.

Kumngoja asiyejibu

Kuna hali moja inayowashangaza hata mafundi. Watumiaji wanalalamika, kurasa hazifunguki, lakini fundi akiitazama seva anaona imekaa tu, karibu haina kazi. Wengi huhitimisha kwamba basi tatizo ni la intaneti. Huenda sivyo. Seva inaweza kuwa haina kazi kwa sababu inamngoja mtu mwingine.

Mifumo ya kaunti haifanyi kazi peke yake. Huwasiliana na huduma za malipo ya simu, huduma za kutuma ujumbe mfupi, na mifumo ya kuthibitisha vitambulisho. Tuseme programu ina nafasi 50 za kushughulikia maombi kwa wakati mmoja, na huduma ya nje imechelewa kujibu. Ikiwa aliyeandika programu hakuweka kikomo cha kungoja, kila ombi la malipo hushika nafasi yake na kuganda nayo. Baada ya muda mfupi nafasi zote 50 zimeshikwa na wanaongoja. Mtu wa 51 hataki kulipa. Anataka tu kuchapisha risiti ya jana, jambo lisilohusiana na huduma ile ya nje hata kidogo, lakini naye amefungiwa mlango. Hivyo ndivyo uzito wa mfumo mmoja unavyoambukiza mwingine.

Dawa yake inajulikana. Kila ombi la nje liwekewe muda, tuseme sekunde 10, kisha nafasi iachiliwe na mwananchi aambiwe waziwazi kwamba malipo yake bado yanathibitishwa. Kazi zisizo za haraka, kama kutuma ujumbe wa kuthibitisha, ziwekwe kando zifanywe baadaye kidogo. Hakuna sababu ya mgonjwa kusimama dirishani eti ujumbe mfupi haujatoka.

Siku ya mwisho

Katika kaunti nyingi tarehe 31 Machi ni siku yenye shughuli nyingi kwa sababu ya leseni na ada za ardhi, na tarehe 30 Juni ndiyo mwisho wa kuwasilisha taarifa za kodi ya mapato kwa serikali ya kitaifa. Watu huuliza: mfumo uliohudumia vizuri mwezi mzima unawezaje kushindwa siku moja? Jibu liko katika hesabu ya foleni, na si hesabu ambayo akili huikisia kwa urahisi.

Tuseme huduma moja huchukua sekunde 1, na wateja hufika bila mpangilio. Mfumo ukitumika kwa nusu ya uwezo wake, mteja kwa wastani hukaa sekunde 2 tangu kufika hadi kumaliza. Ukitumika kwa asilimia 90, hukaa sekunde 10. Kwa asilimia 95, sekunde 20. Kati ya 90 na 95 wateja wameongezeka kidogo tu, lakini muda umekuwa maradufu. Aliyewahi kungoja feri ya Likoni jioni ya sikukuu anajua jambo hili bila kufundishwa: magari machache ya ziada hugeuza dakika kuwa saa.

Halafu huja wale wa kubonyeza tena. Ukurasa unachelewa, mtu anaufungua upya, na ombi lake la kwanza bado linashughulikiwa ndani ya seva ingawa yeye hana habari nalo tena. Watu 1,000 wakifanya hivyo mara tatu tatu, seva inahangaika na maombi 3,000.

Msongamano unaweza pia kuletwa makusudi. Mwishoni mwa Julai 2023 mfumo wa kitaifa wa eCitizen ulisumbuliwa, na Serikali ikathibitisha kwamba kulikuwa na jaribio la kuuziba kwa kuurushia maombi mengi kupita kawaida. Dalili kwa mwananchi zilikuwa zilezile za siku ya mwisho. Ndiyo maana wasimamizi hawawezi kukisia chanzo kwa kutazama skrini tu.

Barabara pana na barabara fupi

Intaneti nayo ina makosa yake, ila hulaumiwa kupita kiasi. Data nyingi kati ya Kenya na mabara mengine hupita kwenye nyaya zilizolazwa chini ya bahari na kutua Mombasa, kama vile SEACOM na TEAMS zilizoanza kazi mwaka 2009. Tarehe 12 Mei 2024 nyaya za EASSy na SEACOM zilikatika baharini upande wa kusini mwa Afrika, na intaneti ikazorota nchini Kenya, Tanzania na kwa majirani. Siku kama hiyo kulaumu mtandao ni haki.

Siku za kawaida, kinachosahaulika ni umbali. Mwanga ndani ya nyaya hizo husafiri takriban kilomita 200,000 kwa sekunde. Seva ikiwa umbali wa kilomita 10,000 za waya, kwenda na kurudi hakuwezi kupungua chini ya milisekunde 100, hata waya uwe mpya namna gani. Kwa ombi moja hilo si kitu. Lakini ukurasa ulioandikwa vibaya, unaoomba vitu 80 kimoja baada ya kingine, hupoteza sekunde 8 njiani tu. Kununua intaneti ya kasi zaidi hapo ni kama kupanua barabara ya kwenda Garissa: magari mengi zaidi yatapita, lakini Garissa haitasogea karibu.

Kwa afisi za wadi zinazotegemea laini ya simu, upana wenyewe huwa shida. Picha ya megabaiti 4 iliyowekwa juu ya ukurasa kama pambo huchukua sekunde 32 kufika kwenye laini ya megabiti 1 kwa sekunde. Picha hiyohiyo ikipunguzwa ukubwa hadi ile inayohitajika kwenye skrini, huonekana vilevile na hufika kabla mtu hajaketi vizuri.

Kompyuta iliyo mezani ndiyo isihangaikiwe sana. Yenye kumbukumbu ndogo na programu nyingi zilizofunguliwa itakuwa nzito, na diski za kizamani ni za polepole. Namna ya kupima ni rahisi: kama karani wa meza ya pili, mwenye kompyuta mpya, naye anangoja vilevile, basi kosa haliko mezani.

Kupima kabla ya kununua

Mwaka 1967 Gene Amdahl, mhandisi wa kompyuta wa Marekani, alionyesha jambo ambalo huokoa pesa nyingi likizingatiwa: kuharakisha sehemu moja ya kazi hakusaidii zaidi ya muda ambao sehemu hiyo ilikuwa ikichukua. Tuseme ukurasa wa malipo huchukua sekunde 12, ambapo 1 ni ya kompyuta ya karani, 1 ya mtandao, 9 za hifadhidata na 1 ya huduma ya nje. Intaneti yenye kasi maradufu, hata ikiwa nzuri namna gani, itaokoa nusu sekunde. Faharasa inayofaa ikizishusha zile 9 hadi 1, ukurasa mzima utachukua sekunde 4. Tatizo ni kwamba bila kupima hakuna anayejua kwamba zile 9 ziko kwenye hifadhidata.

Somo la gharama kubwa kuhusu hili lilitolewa Marekani. Tovuti ya serikali kuu ya nchi hiyo ya kuandikisha watu bima ya afya ilifunguliwa tarehe 1 Oktoba 2013. Ilitarajiwa kutumiwa na watu 50,000 hadi 60,000 kwa wakati mmoja. Wakaja hadi 250,000. Siku ya kwanza waliofaulu kujiandikisha walikuwa 6. Wageni walikuwa wakilazimishwa kufungua akaunti kabla hata ya kutazama bei, kwa hivyo umati wote ulisukumana kwenye mlango mmoja mwembamba. Wahandisi walioitwa kuokoa jahazi, akiwemo Mikey Dickerson kutoka Google, walikuta jambo la ajabu: hapakuwa na ubao wa kuonyesha mfumo unaendeleaje. Waliutengeneza kwanza. Kisha wakaona kwamba taarifa zilizoombwa mara kwa mara zilikuwa zikichotwa upya kwenye hifadhidata kila wakati badala ya nakala yake kuwekwa karibu. Baada ya kurekebisha hilo, muda wa kufungua ukurasa ulishuka kutoka sekunde 8 hadi 2.

Kwa kaunti, mahali pa kuanzia ni kwenye zabuni. Mkataba unaosema "mfumo uwe wa haraka" haumfungi yeyote. Unaosema kwamba watu 500 wakiutumia pamoja, maombi 95 kati ya kila 100 yajibiwe ndani ya sekunde 2, unaweza kupimwa mbele ya mashahidi kabla ya malipo kutolewa. Kipimo kisiwe wastani peke yake. Watu 9 wakijibiwa kwa sekunde 1 na wa 10 kwa sekunde 31, wastani ni sekunde 4, na hakuna hata mmoja kati yao aliyengoja sekunde 4. Jaribio lenyewe lifanywe kwa wingi wa rekodi unaotarajiwa baada ya miaka mitano, zikiwa rekodi za kubuni. Kuchukua rekodi halisi za wagonjwa na kumkabidhi mwandishi wa programu kwa majaribio kunaweza kukiuka Sheria ya Kulinda Data ya mwaka 2019.

Upande wa mwananchi

Aliyebonyeza "Lipa" na kuona duara asibonyeze tena haraka. Mfumo uliotengenezwa vyema huipa kila ankara nambari yake, na ombi la pili lenye nambari hiyo hukataliwa, lakini si mifumo yote iliyo hivyo. Kwanza atazame kama ujumbe wa M-Pesa umeingia. Ukiwa umeingia, pesa zimeondoka hata kama risiti ya kaunti haijaonekana. Ujumbe huo usifutwe: una nambari ya muamala, tarehe na saa, na ndio ushahidi kwamba malipo yalifanywa kabla ya siku ya mwisho kupita. Aende nao kwenye afisi ya mapato, aombe muamala ulinganishwe na akaunti yake.

Na malalamiko yatolewe kwa undani. "Sistimu yenu ni mbaya" hakumpi fundi pa kushika. "Jumanne, saa nne na dakika kumi asubuhi, afisi ya wadi, ukurasa wa kutafuta kiwanja ulichukua dakika mbili, lakini ukurasa wa kwanza ulifunguka mara moja" kunamwambia karibu kila kitu: mtandao ulikuwapo, kompyuta ilikuwa nzima, na pa kuanzia ni kwenye rejista ya viwanja.